Mashuka ya Mama Uwanja

Wifi yangu hakuzaliwa akiitwa Mama Uwanja. Alikuwa mfuaji katika nyumba ya wageni inayotazamana na uwanja wa mpira, mjane wa kaka yangu, mtu wa kufua, kuanika, kupiga pasi na kurudi nyumbani vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Mimi na yeye tunakaa ua mmoja, mlango kwa mlango, sufuria yangu ni yake na chumvi yake ni yangu. Kwa hiyo asije mtu wa pembeni kunisahihisha habari zake.

Helikopta ya kwanza kuja mjini kwetu ilimleta mgombea. Rubani alimpigia simu mwenye nyumba ya wageni, akaomba atandikiwe kitu cheupe katikati ya uwanja, maana ukiwa juu kila kiwanja kinafanana na kingine. Mwenye nyumba, bahili yule, akatoa mashuka mawili yaliyochakaa, akamtuma wifi. Wifi akayatandika moja juu ya jingine, kama ile alama ya kuzidisha tuliyofundishwa shuleni, akaweka mawe kwenye pembe, akasimama kando amejishika kiuno. Lile dude lilipokaribia ardhi, upepo wake ukang'oa shuka moja, likaenda kumfunika mwenyekiti wa mapokezi kichwa chote, mpaka miwani. Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Asiyecheka alikuwa rubani peke yake. Alimfuata wifi, akamwamkia vizuri, akamwambia, "Mama, shuka lile lingeingia kwenye mapanga, saa hizi tungekuwa tunaokotwa. Siku nyingine pigilia vigingi."

Wifi si mtu wa kuambiwa mara mbili. Kesho yake alikwenda stendi kwa fundi cherehani, rafiki wa marehemu kaka yangu, akamwambia ayaunge yale mashuka yawe kitu kimoja, katikati mshono wa mara tatu, pembeni upindo mpana wa kupitisha vigingi vya chuma. Fundi alichora kwa chaki, akakata, akashona kutwa nzima huku mama yake mzazi, bibi wa pumu, akimsimamia kwa maneno kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. Kazi ilitoka safi, imenyooka kama imepigwa rula. Ukiitandika huoni kikunyanzi.

Kuanzia hapo kampuni ya helikopta ikawa na namba ya wifi. Wakampa kizibao cha njano na filimbi. Wakitaka kuja wanampigia: upepo unavuma toka wapi, uwanja una maji, una mbuzi? Naye anafukuza mbuzi, anafukuza watoto, anaokota mifuko ya plastiki, anatandika, anamwaga maji kuzunguka alama yake ili vumbi lisipande. Ulikuwepo mji mmoja ambako helikopta ilitua kienyeji ikamwumiza mtoto, kampuni ikaweka sheria: hakuna alama, hakuna kutua, hata abiria awe nani. Hapo ndipo mfuaji wetu akawa mtu mkubwa. Jina la zamani likasahaulika, hata mimi siku hizi linanitoka.

Na nani hakuja? Walikuja mafundi wa nyaya za umeme, wakaning'inia juu ya mlima kama nguo zilizoanikwa. Walikuja wapulizia dawa ya nzige. Zilikuja chanjo, yakaja masanduku ya kura na askari wao waliotapika njia nzima. Akaja bibi harusi, shela limejaa mlango, na alipofungua tu, wigi la shangazi wa bwana harusi likapaa, likavuka goli. Shangazi yule alikaa sherehe nzima amejitanda kitenge, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kulikoni.

Safari iliyonichoma mimi ni ya mzee mmoja wa mtaa wa chini. Alilala miezi kitandani, wanawe wako mbali, wana vyeo vyao, simu hazipokelewi. Majirani ndio tuliomgeuza, ndio tuliomwosha. Alipokata roho, ah! Wakatua na helikopta, jeneza linang'aa, picha zinapigwa. Mtu aliyekosa wa kumletea hata dawa ya maumivu, leo anarushwa angani.

"Mngemletea hiyo akiwa hai!" niliwaambia pale pale uwanjani.

"Wifi, una mdomo," Mama Uwanja akaninong'oneza, anapigilia kigingi.

"Ninao. Na wewe una nyundo, wape ya utosi."

Akacheka mpaka akakosa kigingi. Alikuwa hivyo, mwepesi wa kucheka. Aliipenda ile kazi, na mimi sikumlaumu. Mjane wa mji mdogo, nani mwingine angempigia simu kumuuliza upepo?

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Huyo ndiye aliyekuwa roho yake. Binti alikuwa mtundu wa maneno kama mimi shangazi yake. Akimwona mama yake kavaa kizibao anatembea nyuma yake kwa mwendo wa askari, anapuliza filimbi ya mdomo. Na kila helikopta ikiondoka lazima aulize, "Mama, na mimi lini?"

"Olewa na tajiri," mama yake anamjibu.

Akaolewa na dereva wa lori. "Basi nimepanda kikubwa pia," alisema siku ya harusi, tukaangua kicheko. Lakini yule rubani, tuliyemwita Kapteni, alikwisha kumwahidi Mama Uwanja kwamba siku akija bila abiria atamzungusha mtoto juu ya mji walau dakika moja. Kila mara alikuja amejaa. Kila mara akasema safari ijayo.

Binti aliposhika mimba alirudi kwa mama yake kujifungua, ni mimba ya kwanza. Mume akabaki upande wa pili wa mto na lori lake. Tulikuwa na furaha kwenye ule ua, acheni tu. Mama Uwanja alimshonea mjukuu mashuka madogo, akayakunja, akayaweka juu ya kabati.

Halafu zikaja mvua. Siwezi kuzielezea zile mvua bila kukasirika, kwa sababu daraja lile tulililalamikia miaka, kila mgombea aliyetua uwanjani alituahidi jipya akiwa amesimama karibu na alama ya wifi. Mto ulilibeba asubuhi moja tukilitazama. Maji yakaingia mtaa wa chini, yakaingia sokoni, uwanja wa mpira ukawa ziwa, magoli yanachungulia. Watu wakapanda juu ya mapaa na magodoro yao. Na katika hali hiyo uchungu ukamshika binti.

Tulimpeleka kituo cha afya, ambacho kwa bahati kiko mwinuko. Uchungu ulimshika usiku kucha. Asubuhi nesi akatutoa nje. Alikuwa mama mtu mzima, hana porojo.

"Mtoto amekaa mkingamo," alisema. "Nimejaribu kumgeuza, hageuki. Huyu anataka upasuaji, na mpasuaji yuko ng'ambo ya mto. Kama mna njia ya kumvusha, mvusheni leo. Kesho nitakuwa nawadanganya."

Mama Uwanja hakulia. Alitoa simu, akapiga.

"Kapteni, ni mimi."

"Mama Uwanja! Mko salama huko?"

"Mwanangu ana uchungu, mtoto hatoki, hapa hapana wa kumpasua. Baba, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Nilisikia mngurumo nyuma ya sauti yake. "Nimebeba unga wa waliokwama bondeni," Kapteni akasema. "Nikiumaliza napita kwako. Lakini mama, mawingu yanafunga, nitapata nafasi ya kupita mara moja tu. Uwanja ukoje?"

"Uwanja hakuna, ni maji. Nitatandika mlimani, kwa wafyatua matofali."

"Huko sikujui."

"Utaona mashuka."

"Haya. Nafuata mashuka yako."

Akataka kuongeza neno, simu ikakatika. Mnara wa simu ulizima pale pale, na haukuwaka tena mpaka tumeshazika.

Basi, mazoea yana taabu yake. Mama Uwanja alikimbia nyumbani kuchukua mashuka na vigingi, na kama alivyofanya kila safari, akavaa kizibao cha njano na filimbi shingoni. Ni haki yake, rubani naye huitafuta ile njano. Lakini njia ya kutoka kwetu kwenda kwa wafyatua matofali inapita katikati ya mji, na mji mzima ulikuwa juu ya mapaa, hauna la kufanya ila kutazama. Wakaiona njano. Ikapigwa kelele ya kwanza, ikapokewa paa hadi paa: "Mama Uwanja kavaa! Inakuja! Inakuja!"

Sisi tulidhani wanatushangilia. Wallahi tulidhani hivyo.

Tulimpandisha binti mlimani kwa machela, mimi na nesi na vijana wawili wa kufyatua matofali. Pale juu ni udongo mwekundu mtupu, umekatwakatwa, na kwa mvua ile ulikuwa tope linalonasa miguu. Mama Uwanja akatandika. Siku zote kazi yake ilikuwa kupigana na vumbi. Tope hakuwahi kupigana nalo. Anapigilia kigingi hiki, tope linapanda upindo ule. Anafuta kwa kiganja, linasambaa. Sisi wenyewe tulikanyaga pembe moja tukimtua mgonjwa, maana hapakuwa na pa kukanyaga. Alipomaliza, mashuka ya fundi yalikuwa mekundu zaidi ya nusu.

Binti alinishika mkono. Midomo ilikuwa imekauka.

"Shangazi," akasema, "leo napanda."

"Leo unapanda," nikamwambia. "Na ukifika juu usinitemee mate."

Akacheka. Nashukuru nilisema upuuzi ule, kwa sababu alicheka.

Ndipo nilipogeuka kutazama chini kama helikopta inaonekana, nikaona kitu cheupe juu ya paa la duka la vifaa vya ujenzi. Nikaona kingine kwenye veranda ya shule. Kingine juu ya nyumba ya ibada. Vikazidi kuota, mji mzima, shuka na shuka, yamekatishana vile vile, watu wameshika pembe. Miaka yote ile walikuwa wamekaa kando ya uwanja wakitazama, na walikuwa wamejifunza somo lao barabara: helikopta inakwenda kwenye mashuka meupe.

"Wanafanya nini hawa?" Mama Uwanja akasema. "Wifi, wanafanya nini?"

Alikuwa anajua.

Alipuliza filimbi. Alipuliza mishipa ya shingo imetoka, anapunga mikono, "Toeni! Toeni jamani, ni mwanangu!" Mimi nilitukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Kutoka kule juu nani angetusikia? Na wangetusikia, mwenye mtoto juu ya paa angetoa?

Helikopta ikatokea bondeni. Ilikuja juu ya mji ikapunguza mwendo, ikazunguka. Ilitukaribia mpaka tukaliona tumbo lake, na Mama Uwanja akaruka ruka kwenye tope na kizibao chake, ambacho nacho kilikuwa kimeshageuka rangi. Ikasita. Kisha ikageuza pua, ikarudi stendi, mahali ambapo lami imeinuka juu ya maji na palikuwa na alama moja nyeupe, safi, imenyooka kama imepigwa rula. Ikatua hapo.

Mama Uwanja aliteremka mlima akikimbia. Alikuwa hajafika hata nusu ilipopaa tena na kuingia kwenye mawingu. Wingu likafunga nyuma yake kama mtu aliyesukuma mlango.

Tulimrudisha binti kituoni. Nesi alifanya yote anayoyajua, nami sina neno naye. Binti alifariki jua halijazama, mtoto wake tumboni. Mama yake alikuwa amemshika kichwa. Alikuwa akimwambia, "Anarudi, mama, Kapteni anarudi, vuta pumzi kidogo," na aliendelea kumwambia hivyo hata baada ya nesi kutazama saa yake na kutoka nje.

Maduka yote yalikuwa chini ya maji. Hapakuwa na pa kununua sanda. Mama Uwanja akayachukua mashuka yake, akayafua. Aliyafua kama anavyojua yeye, maji matatu, mpaka tope lote likatoka yakawa meupe kuliko siku yalipotoka nyumba ya wageni. Kisha akakaa kizingitini na wembe, akafumua mshono wa mara tatu, uzi mmoja mmoja, hakutaka nimsaidie. Moja akamvisha mwanawe. Jingine akalikunja mara mbili, akamfunika nalo.

Kapteni alikuja kesho yake wingu lilipoachia, akatua kule kule kwa wafyatua matofali, bila alama, sheria ya kampuni akaivunja. Mtu mzima yule alipiga magoti kwenye tope. Akasema aliona mashuka mengi, hakujua la kufanya, mafuta yanakwisha. "Nikachagua iliyonyooka, mama. Nilijua alama yako haina kikunyanzi. Nilipotua nikauliza Mama Uwanja yuko wapi, wakanivamia, wakaning'inia kwenye vyuma. Ningekaa kidogo tungepinduka wote." Aliondoka na waliowahi kuingia: watoto wa watu, bwana mmoja aliyekumbatia televisheni, na bibi wa pumu, mama yake fundi.

Ndiyo. Fundi. Nani mwingine angeipata alama ile sawasawa? Vipimo alikuwa navyo kichwani, akaunga mashuka yake mwenyewe juu ya meza ya cherehani, kibandani mwake chini ya lami, maji yanamfika magotini.

Nilikwenda stendi kumtafuta. Nilimwambia maneno yote. Nilimwambia amemshona mwanetu mdomo, amekula chumvi ya kaka yangu akamlipa kwa kaburi. Watu wakajaa. Fundi alisimama ameinamisha kichwa, akasema, "Dada, mama alikuwa anakata roho mikononi mwangu. Sikujua Mama Uwanja anamwitia nani. Nilidhani ni ya kila mtu."

Nikamnyanyulia mkono. Mtu akaudaka kwa nyuma, kugeuka, ni wifi.

"Mwache," akasema.

"Nimwache?"

"Ningekuwa mimi ningetandika. Hata wewe ungetandika. Ndiyo maana inaniuma hivi, wifi, sina hata wa kumchukia." Akamtazama fundi. "Mama anapumua vizuri?"

"Anapumua," fundi akasema, machozi yanamtoka.

"Haya." Akanishika mkono tukarudi nyumbani.

Baada ya hapo alirudia kufua. Kizibao alikitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Alikuwa anakula, anajibu salamu, anafua mashuka ya wageni na kuyaanika, ila hakulia. Hata siku ya mazishi hakulia. Usiku nilikuwa nikisikiliza ukutani, nikiomba walau nisikie kwikwi, sisikii kitu. Niliogopa. Nilimwambia, "Wifi, lia, utapasuka," akaniambia, "Nitalia nikipata nafasi."

Jua likarudi, uwanja ukakauka. Siku moja simu yake ikalia tuko uani. Ni kampuni. Mheshimiwa anakuja na helikopta kuweka jiwe la msingi la daraja, aandae uwanja.

"Sina mashuka," Mama Uwanja akasema.

"Tutakutumia mengine, mama."

"Sina mashuka, mwanangu." Akakata, akarudi kwenye beseni lake.

Basi wakapitisha gari la matangazo. Lilizunguka mitaa yote: mgeni wetu hawezi kutua bila alama, mwenye shuka jeupe, yeyote, alitandike uwanjani, atashukuriwa na mheshimiwa mwenyewe. Nilijua hapo pana watu watakaokimbilia. Nawajua watu wa mji huu. Nikalala nimekunja ngumi.

Asubuhi nilitoka na beseni langu kuanika. Nikatazama upande wa nyumba ya wageni. Kamba zilikuwa tupu. Kamba zile tangu nizaliwe sijaziona tupu mchana wa jua. Nikatoka nje ya ua. Kwa jirani, kamba tupu. Kwa wafyatua matofali, tupu. Nikashuka mpaka stendi, fundi alikuwa ameondoa pazia jeupe la mlangoni kwake, amekaa juu yake kwenye kiti, kalikunja chini ya makalio, na bibi wa pumu kando yake amevua hata kitambaa cheupe cha kichwani, mvi zinapigwa na jua. Watu walikuwa wamekaa vizingitini. Hakuna aliyekwenda uwanjani.

Helikopta ikaja. Ikazunguka uwanja, ikazunguka mji, ikateremka kidogo kama inayouliza, ikapanda. Chini hapakuwa na cheupe hata ukubwa wa leso. Ikazunguka tena, kisha ikaenda zake na mheshimiwa wake na jiwe lake.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama Uwanja alikuwa amesimama mlangoni, povu la sabuni mikononi, anatazama kamba za mji mzima. Alizitazama moja moja. Kisha akakaa chini pale pale kizingitini, akaanza kulia.